Maziwa Nyuma ya Pazia

Nilipomwona Kocha mara ya kwanza nilicheka, tena usoni pake, maana hakuna aliyeniambia kuwa ndiye. Wanaume wa stesheni ya Mpanda walikuwa wakisimulia habari za mtu anayefundisha kuinua vyuma nyuma ya maduka, na mimi nikajichorea kichwani jitu lenye shingo ya fahali. Nikamkuta fundi cherehani. Mwembamba, mabega yameinama, pini mdomoni, futi shingoni, na suruali aliyojishonea mwenyewe imekazwa kwa kipande cha kitambaa kwa sababu kiuno hakikuwa na kitu cha kushikilia mkanda. Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kola, akaniambia nicheke mpaka hamu iniishe, halafu nimweleze shida yangu.

Shida yangu ilikuwa mume wangu. Baba Eliza alikuwa mbeba mizigo pale stesheni, na alikuwa na nguvu za kutosha kunitia maringo. Kisha akaenda Ugalla na ndugu zake kurina asali, ndorobo wakamng'ata, na aliporudi akaanza kulala mchana kama mtoto mchanga. Malale. Alilazwa hospitali muda mrefu, akapona, lakini aliyerudi nyumbani alikuwa ngozi na mifupa. Akitaka kuinua ndoo ya maji alisimama kwanza kuitafakari. Nyapara wa wabeba mizigo alikuwa mtu mwema, akamwambia nafasi yake itamngoja mpaka msimu wa mahindi. Siku magunia yatakapoanza kuteremka, abebe moja mpaka ndani ya behewa. Akiweza, arudi kazini. Akishindwa, nafasi apewe mwingine, na chumba chetu cha kota apewe huyo huyo. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na sikuwa na mahali pengine pa kwenda ila kwa kaka yangu, kijijini Sibwesa, kuanza kulima upya na mume asiyeweza kuinua jembe.

Kocha alisikiliza yote hayo bila kusimamisha cherehani. Nilipomaliza aliniuliza swali moja: huyo mgonjwa anakunywa maziwa? Nikasema hapana, ni mtu mzima. Akasema basi tutaanzia hapo.

Lazima nieleze habari ya maziwa, maana vijana wa leo hawataelewa. Siku zile kwetu ng'ombe walikuwa wa kuhesabika, ndorobo waliwamaliza. Mtu alikulia kwenye ugali, maharage, kisamvu, samaki wa kukausha na asali, akazeeka bila kuonja maziwa. Maziwa yalikuwa ya mtoto au ya mtu anayekaribia kufa. Mwanaume mzima kuonekana na kikombe cha maziwa barabarani ilikuwa sawa na kuonekana amebebwa mgongoni. Hao hao wanaume walikunywa pombe ya kangara hadharani mpaka wakalala mtaroni, na hakuna aliyeona haya. Kwa hiyo Kocha aliwanywesha nyuma ya pazia. Kibandani kwake kulikuwa na pazia la kanga kuukuu, mahali ambapo wateja hujaribia nguo. Jioni, baada ya vyuma, wanaume waliingia humo mmoja mmoja eti kujaribu suruali, wakatoka wanajifuta midomo. Wake zao walidhani wanashonewa nguo za kwenda kwa wanawake wengine. Mmoja alikuja kufanya fujo, akalifungua pazia kwa hasira, akamkuta mumewe na masharubu meupe. Alicheka mpaka akakaa chini, na kesho yake mji mzima ulijua. Kocha hakujali. Alisema sasa angalau hatutanong'onezana tena. Lakini wanaume waliendelea kuingia nyuma ya pazia vile vile, na yeye hakulitoa.

Vyuma vyenyewe vilikuwa mtaimbo wa kung'olea reli, uliochomekwa kwenye makopo mawili yaliyojazwa saruji. Kulikuwa na makopo makubwa na madogo, na wengine walianza na vipande vya reli vilivyofungwa kwa kamba za katani. Kocha hakuvigusa. Mimi kwa miaka yote niliyomfahamu sikumwona akiinua kitu kizito kuliko pasi ya mkaa. Wapo waliosema aliwahi kuwa bingwa Tabora, na yeye hakukubali wala hakukanusha. Wapo waliosema alijifunza kwa kushonea askari sare, akiwatazama wakifanya mazoezi wakati anangoja malipo. Akisumbuliwa sana aonyeshe mfano, aliuliza kocha wa mpira ndiye anayefunga magoli?

Lakini macho alikuwa nayo. Alikaa kwenye kigoda, sindano mkononi, akishona vifungo, na bila kuinua kichwa alijua nani amepinda mgongo. "Magoti, magoti," alisema, hivyo tu, kama mtu anayefukuza kuku. Alikuwa na misemo yake ambayo wanaume waliibeba mpaka vilabuni. Mkubwa ulikuwa kwamba chuma kinabomoa na maziwa yanajenga, na anayeinua bila kunywa anabomoa nyumba yake akiwa ndani. Wakati ule kwenye madarasa ya watu wazima tulifundishwa vyakula vya kujenga mwili, na Kocha, ambaye alikuwa akisinzia madarasani humo, siku ya somo hilo hakusinzia. Leo wanasema protini. Yeye aliiita "ile ya kujengea", na alikuwa akiizungumzia kama mtu anayezungumzia matofali.

Aliyekuwa akifuata maziwa ni mimi. Kila alfajiri nilishika njia ya Kakese, kwa familia moja ya wafugaji wa Kisukuma waliokuwa wamefika karibuni na ng'ombe wachache, waliokuwa wakifukiziwa moshi usiku na mchana ili ndorobo wasiwasogelee. Kocha hakulipa fedha. Aliwashonea watoto wa nyumba ile, wote, na walikuwa wengi. Nilikwenda na kaptula na magauni, nikarudi na kibuyu. Alichotaka ni mtindi, yale maziwa yanayobaki baada ya kusukwa na siagi kutolewa. Siagi aliiita uvivu. Alisema mafuta yanakwenda tumboni kukaa kitako, mtindi ndio unaokwenda mkononi kufanya kazi.

Sasa yule mama wa Kakese, Mungu amweke pema, alikuwa na heshima zake. Kwao mtindi usio na siagi ni wa watoto wachungaji na ndama. Siku nilipomdokeza kwamba maziwa yananywewa na watu wazima, na mmoja wao anatoka kuugua, alinitazama kwa huruma, akasema, "Pole, mayu," yaani pole mama. Sikuelewa pole ile ni ya nini. Kumbe tangu siku hiyo alikuwa akinirudishia siagi ndani ya kibuyu na kuikoroga kabla sijafika, maana aliona aibu kumnyima mgeni kitu kizuri. Baada ya muda Kocha akaanza kukasirika. Futi yake ilimwambia kwamba viuno vya watu vinanenepa kuliko mikono. Akawatuhumu kuwa wamezidisha pombe, wakaapa sivyo. Akanituhumu mimi kwamba nachanganya, tukagombana, nikamwambia aende mwenyewe Kakese na hiyo miguu yake. Alichukua kipande cha kitambaa cha kaki, akadondoshea maziwa, akakianika juani. Yalipokauka likabaki doa la mafuta, limekolea kama la samli. Fundi nguo anayajua madoa.

Tulikwenda Kakese pamoja. Niliogopa atamfokea yule mama, maana kwenye mambo ya vyuma alikuwa na ulimi mkali. Lakini alikaa chini, akasifu ng'ombe, akasifu watoto walivyokaa ndani ya nguo zao, akazungumza weee mpaka nikachoka. Mwisho akamwomba kwa unyenyekevu kwamba siagi ya heshima aipate kando, kwenye chombo chake, aende nayo nyumbani kama zawadi. Mama yule alifurahi sana. Ile siagi Kocha alinikabidhi mimi njiani, akasema ni ya Eliza. Binti yangu alinenepa mwaka ule kuliko mwanaume yeyote wa vyuma.

Nataka niseme ukweli, hakuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa uzi na vifungo. Ukimpelekea shati alitie kiraka, alitafuta kiraka ndani ya shati lako hilo hilo, akakata mkia wa nyuma, ukabaki unachomekea hewa. Alikuwa mbishi. Alichukia mpira bila sababu. Na ahadi zake za kumaliza nguo zilikuwa za uongo mtupu, mtu aliletewa suti ya harusi siku ya ubatizo.

Lakini siku moja mmoja wa wanaume wake alikuja na kopo la maziwa ya unga. Yalikuwa yakigawiwa kliniki kwa watoto waliokonda, na mkewe alikuwa amepewa kwa ajili ya mtoto wao. Mwanaume yule alijivuna, akasema haya hayana mafuta hata kidogo, ndiyo yale yale anayotaka Kocha. Kocha alisimamisha cherehani. Aliuliza kopo ni la nani, ingawa alikwisha kujua. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Huo mkono wako ukishanenepa, utamwinua nani?" Akamwamuru alirudishe, na asimwone tena mpaka mtoto awe amelimaliza lile kopo. Yule bwana alirudi baada ya muda mrefu sana, na mtoto wake akiwa begani, amletee Kocha amwone.

Na jambo jingine ambalo wanaume hawakulijua: Kocha mwenyewe hakunywa maziwa. Niligundua kwa sababu mimi ndiye niliyeosha vikombe, na chake kilikuwa kikavu. Nilipomuuliza alitazama kushoto na kulia, akaniambia, "Shemeji, tumbo langu halielewani na ng'ombe." Alieleza kwamba alijaribu ujanani, akakaa chooni siku nzima. Aliniomba nisimtangaze. Alikuwa akiwatazama wale wanaume wakinywa kama mtu anayetazama watoto wa mwenzake wakicheza, na nadhani ndivyo alivyokuwa. Mke hakuwa naye, mtoto hakuwa naye, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Jioni watu wakianza kuaga alikuwa anatafuta vijisababu: kaa kwanza jasho likauke, utashikwa na kifua, chai inachemka. Alipika ugali mwingi kuliko wa mtu mmoja, akalalamika kila siku kwamba amekosea kipimo.

Baba Eliza alikwenda kwake kila jioni. Mwanzoni aliinua mtaimbo mtupu na kutetemeka. Kila mwisho wa mwezi Kocha aliwapima wote mikono, kwa sherehe, mbele ya wenzao, akitaja namba kwa sauti. Wengine walikuwa wakiongezeka kweli, mashati yao yalisema. Mume wangu naye alikuwa akiongezeka, kidogo kidogo, na siku za kupimwa alirudi nyumbani anapiga mluzi. Alianza kuamka mapema. Alianza kuninunia kwa mambo madogo, nikafurahi, maana mgonjwa hana nguvu za kununa.

Ila mimi ndiye niliyemfulia. Shati alilolivaa akitoka hospitali lilikuwa limemlegea, na miezi ilipita limemlegea vile vile. Siku moja ya kupima niliingia nyuma ya pazia kuchukua kibuyu, na kupitia kwenye tundu la ile kanga nikaona. Fundi akikupima nguo huweka kidole chini ya futi ili nguo isikubane, kila mtu anajua. Lakini mikono ya wanaume wa vyuma Kocha alikuwa akiipima kavu, futi kwenye ngozi. Ilipofika zamu ya Baba Eliza aliingiza vidole vitatu, akavifunika kwa kiganja, akataja namba. Wenzake wakapiga makofi. Kocha akainua macho yakakutana na yangu tunduni. Hakuvitoa vidole.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nikiwa nasonga ugali nilijikuta nashukuru, na hasira bado ipo, vyote viwili pamoja. Kesho yake nilikwenda Kakese kama kawaida, nikamletea mtindi, akanipokea, akauliza ng'ombe hawajambo. Nikasema hawajambo. Hatukuwahi kulisema jambo lile.

Kiangazi kilipokolea majani yalikauka na ng'ombe wakapunguza maziwa. Kocha akawaagiza watu karanga na maharage, akasema nayo ni ya kujengea, wasikae bure. Lakini wanaume walianza kupungua. Mmoja alihamishwa kazi, wengine walipelekwa vijiji vipya na familia zao, wengine walichoka tu. Mwishowe alibaki mume wangu peke yake na ule mtaimbo, na Kocha kigodani na kifungo chake, "magoti, magoti."

Msimu wa mahindi ukafika. Nilikwenda stesheni na Eliza, nikasimama mbali. Baba Eliza alikunja magoti vizuri, akalipandisha gunia begani, na wenzake wakashangilia kwa sababu hawakutegemea afike hata hapo. Alitembea. Alipofika kwenye ubao wa kupandia behewa miguu ikakataa. Hakulitupa gunia, alilishusha polepole kama anayemlaza mtoto, akabaki amelishikilia. Nyapara akamshika mkono, akasema, "Pumzika, ndugu. Umejitahidi." Nilimtafuta Kocha kwa macho kati ya watu, na nilipomwona alikuwa tayari ametupa mgongo, anaondoka.

Tulihamia Sibwesa. Kocha hakuja kutuaga. Nilipopita kibandani kwake pazia lilikuwa limeshushwa mchana kweupe, na niliisikia cherehani ikinyamaza nilipobisha hodi. Hilo liliniuma kuliko kupoteza kota.

Miaka ikapita, si mingi. Shamba linamlea mtu kwa mwendo wake. Baba Eliza alianza na kupalilia amekaa, akaja akasimama, na kufikia mavuno ya pili alikuwa analima kutwa kama watu wengine. Hakurudi kuwa yule aliyenitia maringo, lakini alitosha. Tulikuwa na mtoto wa pili. Ndipo mchana mmoja, nikiwa napukuchua mahindi, nikaona mtu mwembamba anakuja kwa njia ya mtoni, na hata kabla sijaona uso nilijua.

Alikuwa ameomba lifti ya lori, na pale lilipomwacha alitembea. Alikuwa amezeeka. Nilimpa maji, nikampa kiti, na yeye badala ya kunywa akaanza kulia, mzee mzima, mbele ya watoto. Akasema hajalala vizuri tangu siku ile ya gunia. Kwamba alimdanganya mtu mgonjwa, akampandisha mbele ya watu, akaaibika. Kwamba mimi nilimwona na sikusema, na kunyamaza kwangu kulimchoma kuliko kama ningemtukana.

"Kocha," nikamwambia, "ningesema ungeacha. Nani angemwamsha asubuhi?"

Tukakaa. Nilimpenda sana yule mzee wakati ule, na nilitamani mume wangu achelewe ili Kocha aweze kufuta macho. Lakini Baba Eliza alikuwa amesimama pale pembeni ya nyumba, jembe begani, na alikuwa amesikia. Aliliegemeza jembe ukutani. Alimsalimia Kocha kwa mikono miwili, akamuuliza safari, akachukua kigoda akakaa karibu naye.

"Mkono ni wangu, Kocha," akasema. "Vile vidole si nilikuwa navisikia?"

Mimi na Kocha tulitazamana. Kwa muda wote ule hakuna kati yetu aliyefikiria hilo. Nikamtazama mume wangu kama naonyeshwa mtu mgeni.

"Tangu lini?" Kocha akauliza.

"Tangu kile cha kwanza."

"Sasa kama ulijua, mbona uliendelea kuja?"

Baba Eliza alishangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango usiku.

"Wenzangu walikuwa wakiondoka mmoja mmoja," akasema. "Nisingekuja mimi, jioni ungekaa na nani?"

Kocha akayachukua yale maji, akanywa. Nikainuka kwenda kuongeza unga kwenye sufuria ya ugali wa jioni.